Daktari Asiyekuwemo Kitabuni

Mama Pasi alikuwa na sauti ya kusoma, sauti ambayo hakuiomba na ilimponza. Kutwa nzima alisimama kwenye chumba chake cha udobi akinyoosha mashati ya watu wa maofisini. Jioni, miguu ikiwa imevimba, aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama mkwe wake na kumsomea riwaya za upelelezi. Mama mkwe alikuwa amepoteza macho, si akili. Enzi zake alikuwa opereta wa simu, wa zile za kuchomeka nyaya ubaoni, na mpaka leo namba za nusu ya mji alikuwa nazo kichwani, nyingi za watu waliokwisha kufa. Mtaani walimwita Opereta, na jina hilo alilipenda kuliko lake.

Nisimsingizie Mama Pasi. Vitabu vya mwanzo alivisoma neno kwa neno. Lakini siku moja, usingizi umemlemea, aliruka ukurasa, na hakuna aliyemkamata. Kesho yake akaruka sura. Mwisho wa yote akawa anasoma mwanzo vizuri, halafu anafunga kitabu mapajani na kutunga mwenyewe, ili hadithi iishe akalale. Wauaji wake wote walikuwa madaktari, kwa sababu daktari ana dawa, ana kisu, na watu humfungulia mlango bila kuuliza. Kazi inaisha upesi. Opereta alinogewa na vitabu hivyo kupita kiasi. Asubuhi aliwasimulia majirani mwanzo mpaka mwisho, na Mama Pasi, akimsikia kutoka kwenye meza ya pasi, aliinamia kola ya shati kama vile kuna maandishi ndani yake.

Habari ya mkutano ililetwa na mumewe, mchomeleaji wa mageti. Maktaba walikoazima vitabu ilikuwa imeandaa kikao cha mtandaoni, wasomaji wazungumze na waandishi wa riwaya za upelelezi, na miongoni mwao alikuwemo yule ambaye Opereta alimpenda kuliko wote. Mume alikuwa ameshamwandikisha mama yake, tena ameomba apewe nafasi ya kuuliza swali. Mama Pasi alisema mama atachoka. Akasema simu ni kuukuu. Akasema bando litaisha katikati. Mume akajibu kwamba bando ameshaweka, la kutosha na kubaki, na akaenda zake kuoga.

Jumamosi mchana simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari. Opereta alikuwa amesukwa upya, amevaa gauni lake la kutokea, na kila mara aliuliza kama ameelekea panapotakiwa. Kiooni zilijaa sura katika visanduku vidogo vidogo: mmoja anakula, mwingine amesahau kuzima kipaza sauti na anagombana na mtu kuhusu funguo. Waandishi walizungumza kwa zamu. Mmoja alisema yeye huanza na maiti, mengine yatajijua. Mwingine alikiri kwamba akiandika peke yake huacha mlango wazi kwa woga. Opereta alicheka mpaka akajifuta machozi. Mama Pasi hakucheka. Alikuwa akiomba mtandao ukatike, na mtandao ambao siku zote husumbua ulikuwa shwari kama umelipwa.

Zamu ikafika. Opereta alikaa wima.

“Mwandishi, nakupenda sana,” alisema. “Swali langu ni dogo. Yule daktari aliyemuua mwenye hoteli, kwa nini ulimfanya alie mbele ya mkewe? Mimi nililia naye.”

Mwandishi alitabasamu. Alisema taratibu kwamba labda mama anafikiria kitabu kingine, maana katika kile chake cha mwenye hoteli hakuna daktari, na mwenye hoteli hafi. Kuna waliocheka, vipaza sauti vyao vikiwa wazi. Opereta akatetea hoja yake: akaeleza mkoba wa daktari, akaeleza mke alivyosimama mlangoni na kanga begani. Kadiri alivyoeleza ndivyo mwandishi alivyozidi kulainisha sauti, ile sauti ya kumwongelesha mgonjwa. Mshereheshaji alimshukuru bibi, akasema uzee ni baraka, akamwita mtu mwingine.

Mama Pasi alikuwa ameketi pale pale, kiwiko chake kinagusana na cha mama mkwe. Sentensi moja ingetosha. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni, na alichofanya ni kuisogeza simu ikae sawa kwenye kopo.

“Nimechanganya,” Opereta alisema.

Uani, mume alimwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba alishaanza kuona dalili. Mama asiachiwe jiko tena. Wiki ijayo atampeleka hospitali akapimwe kichwa. Mama Pasi akaitikia. Ningependa niseme alibisha, lakini aliitikia, akaenda kuanua nguo.

Asubuhi yake majirani walikuja kama kawaida kusikiliza kisa. Opereta aliwaambia hakumbuki kisa chochote, wamwache apumzike. Mama Pasi alipompelekea chai alimkuta ameketi gizani, dirisha limefungwa, akinong'ona namba za simu moja baada ya nyingine. Alikwama kwenye moja, akarudi mwanzo, akakwama tena.

Mama Pasi aliweka kikombe chini na kupiga magoti.

“Mama, huna tatizo la kichwa. Yule daktari nilimtunga mimi.”

Opereta aligeuza uso upande wa sauti.

“Kitabu hicho tu?”

“Vingi, mama. Nilikuwa nachoka.”

“Jana walipocheka, ulikuwa karibu yangu.”

“Nilikuwepo.”

“Mwite mumeo,” Opereta alisema. “Umwambie mbele yangu.”

Alimwita, akamwambia. Mume alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mama Pasi alitamani afoke, agonge meza, lakini hakufoka. Alimuuliza mama yake kama amekunywa chai.

Jioni Opereta alitaka kitabu chake. Mama Pasi alinawa mikono, akaja, akakuta kigoda kina mtu. Mumewe, ambaye aliacha shule mapema na huandika jina lake kwa shida, alikuwa amekiinamia kile kitabu cha mwenye hoteli, ukurasa wa kwanza, kidole chini ya kila neno, akisoma silabi kwa silabi huku jasho likimtoka. Mama Pasi alisema kwa unyenyekevu kwamba anaweza kumpokea.

“Mwache,” Opereta alisema. “Anajikwaa kila mstari, lakini anachokisema kimeandikwa.”

Mama Pasi alisimama mlangoni kidogo, halafu akarudi kwenye mashati ya watu.