Viatu vya Kuteleza

Jana dukani mtu alipulizia viatu dawa, na ile harufu kali ya limau ikanipandisha hasira ya utotoni. Tulikuwa kwenye uwanja wa barafu, katika bustani moja ya Durban, mji ambao sisi tulikuwa wageni. Watoto wenyeji walirudisha viatu vya kuteleza vya kukodi, mhudumu akavipanga tu. Vyangu alivishika kwa vidole viwili, akavipulizia mara tatu.

Mama akamwuliza sababu: "Juu ya nini unapulizia vya mutoto wangu tu?"

"Ni kazi yangu, mama."

Mama akavichukua vikiwa vimelowa dawa, akapiga magoti, akanivalisha upya. "Rudi kwenye barafu. Saa tuliyolipia haijaisha."

Nilizunguka nikilia, meno nimeyauma, na kila nilipompita yule mhudumu nilimkazia macho. Hakuinua uso hata mara moja.