Nilimfanya dada yangu mama mbaya wa tamthilia, posa ya binti yangu ikakwama

Wakuu, habari za humu ndani. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea.

Ninachosimulia kimenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Songea. Kazi yangu ni kutunga uongo, kwa hiyo uongo naujua nikiuona. Huu siyo.

Mimi ni mzee wa Lizaboni, elimu yangu kidato cha nne. Naandika skripti za filamu na tamthilia. Kama nyumbani kwenu mboga iliwahi kuungua kwa sababu mpishi alikuwa sebuleni anafuta machozi mbele ya TV, huenda ni mimi. Poleni na mboga.

Nimefanikiwa, sikatai. Nimejenga, nimesomesha, na nina tuzo ya kioo ambayo mke wangu huitumia kuzuia mlango usijifunge.

Ila msidhani kuna ufundi mkubwa. Unahitaji kijana tajiri aliyerudi kutoka nje, binti maskini mwenye kucha za bandia, mgonjwa aliyelazwa na wanja wake machoni, na mama mmoja mbaya. Huyo mama mbaya ndiye anayeuza. Prodyuza wangu wa Dar hajawahi kuniuliza hadithi inahusu nini. Anachouliza ni sini tu, yaani onyesho: "Mzee, mama anapiga kofi sini ya ngapi?"

Sasa mama mbaya anatoka wapi? Wenzangu wanaumiza kichwa wakimbuni. Mimi nilikuwa mvivu, nikamchukua dada yangu.

Dada Skola ni mkubwa wangu, anaishi Ruhuwiko. Wazazi walifariki mapema, yeye ndiye aliyenilea. Ana mdomo huyo! Akikusalimia unajiuliza umekosa nini. Anafunga kitenge kifuani kama anakwenda vitani, na kila mtu kwake ni "wee kiumbe".

Nikachukua vyote: kitenge, kiumbe, hadi ule mguno wake kabla ya kukataa jambo. Nikamwita Mama Kisirani. Hata komoni, ile pombe ya nafaka aliyokuwa akipika uani, nikaiweka. Tofauti ni kwamba ya kwenye tamthilia ilikuwa na sumu. Mama Kisirani aliwamaliza nayo wakwe wawili na mhasibu mmoja.

Nchi nzima ikafurahia kumchukia. Huku Songea walimtambua mapema sana. Watoto wakawa wanamwita Mama Kisirani barabarani. Wauza maharage sokoni wakaacha kumpunja.

Dada akaacha kupokea simu zangu. Nikajiambia ni wivu wa umaarufu. Ndiyo wakuu, niliwaza hivyo, na mvi zangu zote kichwani.

Ndipo ikaja posa ya binti yangu Editha.

Kwetu posa haipokelewi bila shangazi. Baba hata uwe na tuzo chumba kizima, anayemuuliza binti kama amekubali ni shangazi yake. Wageni walitoka Mbinga, familia ya wakulima wa kahawa, watu wa heshima. Mshenga wao akatazama viti, akauliza, "Shangazi yuko wapi?"

Nikasema anaumwa.

"Basi tutarudi akipona," akasema, wakaaga. Hata chai hawakuigusa.

Editha alisubiri wafike getini. "Baba, wakija tena wasimkute, hawarudi. Nitakuwa nimekosa mume kwa ajili ya tamthilia."

Mtu mwenye akili angepanda bodaboda siku hiyo hiyo akaenda Ruhuwiko kuomba radhi. Mimi nikafungua kompyuta.

Nikaandika Mama Kisirani anaokoka. Mvua inanyesha, anapiga magoti kwenye matope, anavunja vyungu vya pombe kimoja kimoja huku akilia. Niliona nimempa dada zawadi. Prodyuza alinung'unika sana, akapitisha kwa sharti kwamba mama apige kofi moja la mwisho kabla ya kutubu.

Ilivyorushwa tu, kesho yake kwaya ya walokole ikaenda kwa dada na spika zao kumpongeza kwa kuokoka. Dada ni Mkatoliki tangu utotoni, na ni mwenyekiti wa jumuiya.

Simu yangu ikaita. "Wee kiumbe. Njoo."

Nikaenda. "Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Unadhani nimekasirika kwa sababu umenifanya mbaya?"

"Ndiyo maana nimekuokoa, dada..."

Akaguna. "Ubaya ni wangu, naujua. Majirani wanajaa hapa jioni kumtazama yule mama, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini komoni! Komoni ilimuua nani? Wewe ulivaa viatu vya shule kwa komoni. Karo yako ilikuwa komoni. Nilikuwa naamka mkono umeungua nasonga tena. Ukaitia sumu mbele ya nchi nzima, na sasa umevunja na vyungu vyangu!"

Kwenye skripti, mahali kama hapo huwa naweka muziki. Siku ile nilisikia kuku wa jirani tu.

"Editha ameshanieleza. Waite wageni Jumamosi, nitakuja," akasema. "Nakuja kwa Editha, siyo kwako. Ukifungua mdomo wako hata mara moja, nanyanyuka."

Alikuja. Na alikuja na ndoo ya komoni aliyoipika mwenyewe.

Nikakaa pembeni kama mgeni wa mgeni. Mshenga akaanza yale mambo yao ya kuona ua kwenye bustani. Dada akaguna. Sebule nzima ikanyamaza, maana Mbinga nako kuna TV. Komoni ikagawiwa, nikamwona mama wa kijana anasukuma kikombe chake mbali kwa kidole, taratibu.

Nilitaka kusema. Nikauma ulimi.

Dada alikuwa ameshaona. Akakichukua kikombe kile, akanywa nusu, akamrudishia. "Kunywa, mama mkwe mwenzangu. Sumu huwa anaweka huyu hapa," akaninyooshea kidole.

Walicheka hadi mshenga akashika ukuta. Yule mama akanywa, akaongezewa, akaomba aelekezwe inavyopikwa. Dada akamwita Editha, akamuuliza mbele ya watu kama wageni anawafahamu na kama tuwapokee. Editha akasema, "Tuwapokee, shangazi." Yakaisha.

Vikombe vilizunguka chumba kizima. Kwangu havikufika.

Nilichojifunza, wakuu: mtu ukimwanika ubaya wake anaweza kukusamehe, hata akaucheka na wewe. Jasho lake usilichezee, hasa kama ndilo lililokufundisha kushika kalamu.

Editha anaolewa. Dada bado hajaitikia shikamoo yangu. Wenye dada wakubwa humu, nielekezeni nianzie wapi. Kila ushauri nitausoma, isipokuwa wa kuniambia niandike sini nyingine.