Filamu Aliyoikana Leland

Wanaomjua Leland Voss mjini Los Angeles wanamjua kwa tamthilia za polisi, alizoziandika na baadaye kuzitayarisha mpaka mvi zikamjaa. Zilimpa nyumba yenye bwawa la kuogelea. Filamu aliyoiandika kwa moyo wake wote ni moja tu, na hiyo haina jina lake.

Ilimhusu dada yake Nadine, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, kwa kupiga pasi nguo za watu kule Bakersfield. Leland aliandika kama mambo yalivyokuwa: dada anazeeka na pasi mkononi, mdogo wake anaenda zake. Wakubwa wa studio wakaugeuza mwisho. Dada akaolewa na fundi magari, wakacheza muziki uani.

Leland akapandwa na mori. Mwandishi akiikana kazi yake, chama cha waandishi humruhusu kuweka jina la kubuni. Wenzake walimsihi ameze hasira. Hasira hasara, lakini nani amwambie kijana anayejiona shujaa? Likawekwa jina la Howard Tibbs, mtu asiyekuwapo duniani.

Filamu ikapendwa ajabu. Nadine aliwapeleka sinema wenzake wote wa kazini. Jina la mdogo wake hakuliona mwanzoni, akasema litakuja mwishoni, akangoja mpaka taa zikawashwa. Alipompigia simu, Leland alimjibu kwa mkato kwamba ile si filamu yake. Nadine hakuuliza tena. Ziara zikapungua, zikabaki kadi za Krismasi.

Nadine alipougua, Leland alikwenda kumuuguza. Siku moja mchana runinga ikawa inaonyesha filamu ile ile. Leland akanyoosha mkono kuizima, dada akamzuia.

"Uliona aibu watu wajue dada yako ni mpiga pasi," akasema taratibu.

"Hapana, dada. Walikuoza kwa yule fundi. Mimi niliukataa uongo wao."

Nadine aliendelea kuitazama runinga.

"Kumbe ni hilo tu? Leland, mimi ule mwisho ndio nilioupenda. Nilikuwa naenda peke yangu kuuangalia."

Kule filamuni, uani, fundi alikuwa akimshika dada mkono wacheze. Leland akaongeza sauti ya runinga.