Supra la Maduhu Lililoishia Lamadi

Maduhu Salu wa Bariadi alifanya hesabu zake zote kwa ng'ombe, na mpaka mwaka 1996 hesabu hizo hazikuwahi kumnyima hamu ya kula. Kisha likaja soko huria. Pamba ikawa ya yeyote mwenye mzani na haraka, na kampuni moja ya Mwanza ikamwahidi uwakala wa kununua pamba kijijini Zagayu kwa sharti moja: Jumatatu ya kwanza ya Julai, saa nne asubuhi, afike Lagangabilili na gari lake mwenyewe. La sivyo uwakala ungekwenda kwa mshindani wake Jilala, ambaye pikapu yake haikuwa na mlango wa kushoto, lakini ilikuwepo.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Maduhu alikuwa Mwanza, uani kwa Boniventura, muuza magari yaliyotumika Japani. Aliyazunguka magari mawili mpaka viatu vikabadilika rangi. Moja lilikuwa Pajero, refu, la heshima. La pili lilikuwa Supra jekundu la milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Bei ya shilingi ilikuwa na sifuri nyingi mno, akaigeuza: Pajero ng'ombe hamsini na wanane, Supra arobaini na tisa.

"Mbona lenye mbio ndilo rahisi?"

"Wateja waoga, mzee. Hili injini yake ina tabo ya kuongeza mbio. Ukikanyaga mafuta tu, uko Musoma."

"Mimi naenda Zagayu."

"Basi utaipita."

Hoja ya mbio haikuwa ya kipuuzi. Kwenye pamba, anayefika kwanza ndiye anayenunua. Lakini Maduhu alipiga magoti, akapima uwazi chini ya matumbo. Pajero lilikuwa na shibiri nzima. Supra lilikuwa na nusu shibiri na kidole. Akainuka, akachagua Pajero, akapata usingizi kwa siku mbili.

Ng'ombe wake sitini walikuwa Zagayu kwa dada yake Milembe, aliyemfugia miaka tisa. Anayefuga ng'ombe wa mwenzake hunywa maziwa na kuchukua samadi, na siku ya kuwatoa huachiwa mitamba ya shukrani. Maduhu alikuwa ameandaa shukrani ya mdomo.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka. Umekuja kuwasalimia ng'ombe?"

Akamweleza habari za gari. Milembe alisikiliza huku akipepeta choroko.

"Mitamba tisa," alisema.

"Tisa! Dada, si tumenyonya ziwa moja?"

"Ndiyo maana sikudai na dume."

Wakabaki hamsini na mmoja. Maduhu alirudia hesabu ya kutoa njia nzima hadi mnadani, na kila mara Pajero lilikuwa mbali kwa ng'ombe saba. Hapo ndipo alipoanza kuamini maneno ya Boniventura kuhusu tabo.

Jumapili mchana, miadi ikiwa kesho yake, alitoka Mwanza na Supra. Kwenye lami lilikwenda kama lilivyosifiwa. Alipita Nyashimo akitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Mei. Alipofika Lamadi akaiacha lami, akashika barabara ya Bariadi. Hatua mia mbili mbele, jiwe likagusa tumbo. Akashuka, akachungulia, akapanda. Jiwe la pili likamfanya azime injini na kuipima kwa macho njia iliyobaki. Akageuza.

Rafiki yake Kasmiri, mfanyabiashara wa dagaa pale Lamadi, alimwonyesha nafasi uani kati ya vichanja vya kuanikia.

"Niwekee kwa siku chache," Maduhu alisema.

"Niliweke, nilifute, nifukuze kuku?" Kasmiri aliuliza. "Hapo unanifugisha, mzee. Utaniachia mtamba."

Maduhu alicheka. Kasmiri hakucheka.

Jumatatu alipanda lori la dagaa. Alifika Lagangabilili saa sita, akinuka dagaa, akautoa ufunguo mfukoni na kumwonyesha meneja wa kampuni.

"Gari liko wapi?"

"Lamadi."

"Na pamba ya Zagayu iko wapi?"

Maduhu aligeuka kuutafuta mzani. Pikapu ya Jilala ilikuwa imeshaondoka na mzani.

Sasa kila Alhamisi hupanda basi kwenda Lamadi kupasha injini moto. Kipimo cha mwendo kinafika mia na themanini. Gari linanguruma palepale, kuku wanatawanyika, na Kasmiri, bila kuinua macho kutoka kwenye dagaa wake, huuliza kama yule mtamba ameshapatikana. Wamebaki ng'ombe wawili, mmoja ni dume.