Dakika Tatu za Kiti cha Mwisho

Mtunza muda wa baraza letu ana vidole virefu, vikavu, na kabla ya kila hotuba huifuta saa yake kwa leso, awe msemaji anataka vita au anavipinga. Dakika tatu, kisha kengele. Saa ile haina ndugu. Juzi ilifika zamu ya yule mpinga vita tuliyezoea kumzomea "msaliti", ambaye wiki ya pili sasa hata mkewe hajui alipo. Mzee wetu wa saa akaifuta saa, akawasha maikrofoni.

"Mzee, hapo hapana mtu," mwenyekiti akasema.

"Zamu yake imefika, mheshimiwa."

Vipaza sauti vikavuma. Taa nyekundu iliwaka mbele ya kiti kitupu, nasi tukakisikiliza mpaka kengele ilipolia. Kwa mara ya kwanza, hakuna aliyemkatiza.