Rukia na viti vyake vya ndiani

Leo nusura nimchape mjukuu wangu, na ana watoto wawili!

Rukia kafungua kiduka cha mkate wa sinia, ule wa mchele. Wateja hawaji, anataka kufunga.

Basi leo akaandaa siku ya familia: muziki, mbio za magunia, mkate wa kuonja bure. Viti akavipanga ndiani, pale wapitapo watu, mbele ya baraza la wanaume.

Wanaume wakala wakashiba. Wanawake wakachungulia madirishani tu.

"Nyanya, kwani mkate wangu mbaya?" Machozi yanamlengalenga.

"Mkate mzuri, akili ndiyo mbichi! Mwanamke gani atatafuna mbele ya mashemeji?"

Nikatoa leso zangu zote, nikauzungushia ua wa nyuma, nikaita: "Bi Zuhura! Njooni, huku hakuna mwanamume!"

Wacha wamiminike! Bi Zuhura, anayelalamikia magoti kila siku, kaingia guniani akawashinda mabinti zake. Kisha akaagiza mikate ya arusi nzima.

Rukia akanikumbatia, analia.

"Niache, mtoto wewe. Nenda ukaroweke mchele!"

Nanyi wanaume mlionuna kwa kuzuiliwa kuingia uani, semeni hapa niwajibu.