Kiporo cha Mwalimu

Mama Pini aliitwa hivyo kwa kuwa pini hazikumtoka ukosini, hata siku za ibada. Mumewe, mwalimu, Mungu amlaze pema, alipofariki, mkewe alijiapiza kwamba hakuna shughuli ya marehemu itakayobaki kiporo. Vitabu vya shule akavirudisha. Mlango wa choo ambao mwalimu aliuacha nusu akaumalizia mwenyewe, kwa msumeno wa kuazima.

Ikabaki kompyuta. Kila ilipowashwa iliomba kuwekewa mfumo mpya, na kwa miezi minane mwalimu alikuwa akibonyeza "Nikumbushe baadaye". Mama Pini akaona hiyo nayo ni ahadi. Asubuhi moja akabonyeza "Kubali". Kazi ikaenda, ikafika asilimia sitini na nne, ikagoma. Alishona sketi mbili nzima, bado sitini na nne. Akaigusa chini, ina moto. Akaizima ipumzike, kama anavyoifanyia pasi yake. Alipoiwasha tena, kioo kilikuwa cheusi tii.

Hapo moyo ukampasuka. Ndani ya kompyuta ile, na si kwingineko, mwalimu alikuwa amejirekodi akimsomea mama yake maandiko, maana bibi yule alikuwa haoni tena. Kila siku baada ya chai Mama Pini alimwekea mama mkwe sauti ya mwanawe, kisha akakimbilia cherehani. Yeye mwenyewe, tangu mazishi, hakuwa na ubavu wa kuisikiliza. Siku hiyo alimwambia bibi kwamba umeme umekatika. Bibi akauliza mbona feni inavuma.

Fundi wa kompyuta, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisikiliza kisa chote.

"Yaani umemtoa mgonjwa mezani kabla hajashonwa," alisema. "Na wewe, mama, ni fundi cherehani."

Mama Pini hakucheka. Aliuliza kama itapona.

"Kuiamsha si kazi. Ila itaamka haikumbuki hata jina lake. Tuokoe kwanza vilivyomo."

Akafungua skrubu, akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake. Mama Pini alisali kimoyomoyo, macho wazi. Rekodi zikajitokeza moja moja, zikafika themanini na moja. Fundi akazinakili zote, kisha akamsogezea visikizi. Alikuwa na sharti lake: hafuti mashine ya mtu mpaka mwenyewe ahakikishe kwamba nakala ni nzima. Mama Pini akamsihi asikilize yeye. Mzee akakataa, sauti hiyo haijui, atajuaje kama imeharibika?

Mama Pini akavaa. Alisikia karatasi ikifunuliwa, kikohozi, halafu mwalimu akisoma taratibu, akiburuza mwisho wa kila sentensi kana kwamba watoto wanaandika imla. Mara akakatiza. Kwa mbali mwanamke alikuwa akifoka kwamba chai inapoa, na kwamba hatapasha tena. Mama Pini alichelewa kuitambua sauti yake mwenyewe.

"Mama, ngoja kidogo," mwalimu alinong'ona akicheka. "Mkubwa wangu ananiita."

Fundi alingoja mpaka Mama Pini alipojipangusa uso kwa ncha ya khanga.

"Ni nzima?"

"Nzima," alisema. "Lakini usifute kwanza, mzee wangu. Niwekee inayofuata."